Muuguzi wa Tanga anauliza: nihamie Mwanza na baiskeli yangu?

Swali: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni muuguzi, nina miaka 34, naishi Ngamiani hapa Tanga na mwanangu wa kiume wa miaka 6. Nimepata nafasi ya kazi hospitali ya Bugando, Mwanza, na wamenipa wiki tatu niwe nimejibu. Mshahara unazidi wa hapa. Tatizo langu watu wanalicheka: mimi maisha yangu ni baiskeli. Kazini nanyonga, sokoni nanyonga, mtoto nampakia kwenye keria nampeleka shule. Ni Phoenix ya kike, haina gia. Pikipiki siitaki na gari sina mpango nalo. Ninayemuuliza ananiambia Mwanza ni mawe matupu, baiskeli niiache. Mwingine anasema niende tu, Wasukuma ndio wenye baiskeli zao. Nimsikilize nani? Nihame au nibaki?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kazi. Hao wawili wote wamekuambia kweli, ila kila mmoja ana Mwanza yake kichwani. Wa kwanza anaiona Bugando, Isamilo na Mabatini, nyumba zimepandana juu ya majabali. Wa pili anaiona Magu, Misungwi na Kwimba, nchi iliyonyooka, ambako mtu mzima hufunga gunia la mkaa au madumu ya maziwa nyuma ya baiskeli akaenda nayo nusu siku bila kulalamika. Wewe kazi yako itakuwa kwenye Mwanza ya kwanza. Kuishi, unaweza kuishi kwenye Mwanza nyingine ambayo hakuna aliyekutajia, na hiyo ndiyo nataka tuiongelee.

Mimi nasema hama. Ila nyumba uitafute kwa jicho la baiskeli kwanza, mengine yafuate. Na ipo hali moja ambayo ukiikuta, basi andika barua ya kukataa ubaki Tanga. Nitaifikia.

Mji wa Mwanza haukukua kwa duara. Ziwa limeubana upande mmoja, miamba imeubana upande wa pili, watu wakatafuta upenyo katikati wakajenga humo. Ukiutazama kwenye ramani ni kama mkono wenye vidole vitatu. Kidole cha kaskazini kinafuata barabara ya Makongoro: Kirumba, Pasiansi, Ilemela, hadi uwanja wa ndege. Cha mashariki ni barabara ya Nyerere: Mabatini, Buzuruga, Nyakato, Igoma, kisha Kisesa na safari ya Musoma. Cha kusini ni barabara ya Kenyatta: Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa, hadi Usagara ambako njia ya Shinyanga na ile ya kwenda Kigongo zinaachana. Huko nje zipo barabara za kuunganisha, kama ile ya Kisesa na Usagara, lakini kwa mtu wa baiskeli mwenye zamu ya asubuhi hizo ni mzunguko mrefu mno. Ukitoka kidole kimoja kwenda kingine utapita katikati ya mji, na katikati ya mji saa za asubuhi kuna daladala, bajaji, mikokoteni, bodaboda na malori ya mzigo, vyote vinagombea nafasi ileile.

Tanga hukulijua hilo. Ngamiani mitaa imekatwa mistari. Barabara moja ikijaa unakata kushoto unachukua ya pili yake, unafika. Mwanza ukikutana na foleni Mabatini huna barabara ya pembeni ya kukimbilia. Pembeni kuna jabali au kuna Mto Mirongo.

Kwa hiyo hali niliyoitaja ni hii: ikiwa kazi iko Bugando, nyumba ya bei unayoiweza umeipata kidole kimoja, na shule ya mtoto iko kidole kingine, usije. Hapo baiskeli itakushinda ndani ya mwezi, utaishia kulipa bodaboda asubuhi na jioni, na nyongeza yote ya mshahara itaishia kwa vijana wa stendi. Kazi, nyumba na shule vikikaa kwenye kidole kimoja, Mwanza inanyongeka vizuri sana.

Kwa bahati, Bugando iko kusini kidogo ya katikati ya mji. Ukiishi kidole cha kusini unafika chini ya kilima bila kulazimika kuuvuka mji wote. Ndiyo maana mimi ningekupeleka Butimba au Nyegezi. Nyegezi ni kama kilomita 10 kutoka mjini, Butimba ni karibu zaidi. Barabara ina migongo yake, haijalala kama Raskazoni ya kwenu Tanga, lakini hakuna mwinuko wa kukushusha kwenye baiskeli. Wanafunzi wa chuo kikuu kule Malimbe wameifanya Nyegezi kuwa na vyumba vingi vya kupanga, mafundi baiskeli wapo, shule za msingi zipo. Pasiansi na Ilemela nazo ni tambarare, pengine kuliko kusini, na kama kazi ingekuwa uwanja wa ndege nisingefikiria mara mbili. Kwa Bugando, hapana. Kila siku utaukata mji mara mbili. Barabara ya Nyerere siipendi kwa mwenye mtoto kwenye keria. Ndiyo njia ya malori ya Musoma na ya viwanda vya Nyakato.

Sasa nyumba yenyewe. Dalali wa Mwanza atakuambia chumba kiko dakika tano kutoka lami, na hatakuwa amedanganya, ila hatakuambia ni dakika tano za kwenda juu. Kwenye vilima vingi vya mjini kodi hupungua kadiri unavyopanda, kwa sababu barabara imeishia chini na huko juu ni ngazi za mawe na vijia vya kupita mtu mmoja. Ukipanga huko, baiskeli utaibeba begani kila jioni, au utaiacha kwa mama muuza genge pale chini na kulala roho juu. Muulize dalali swali moja tu: bajaji inafika mlangoni? Akianza kueleza, aga uondoke. Na usishuke sana pia. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likavunja rekodi ya 1964, na waliokuwa wamejenga na kupanga kando kabisa ya maji waliyaona yakiingia hadi ndani. Chumba cha ziwani kina upepo mzuri, lakini muulize jirani, si mwenye nyumba, maji yalifika wapi mwaka ule.

Tuje kwenye kilima, maana najua ndicho kinachokutia hofu. Hesabu hii ifuatilie, si ngumu.

Ukinyonga tambarare kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, mwendo wa kawaida wa kwenda kazini, mwili wako unatoa nguvu kidogo tu. Chukua sasa mlima unaopanda mita 8 kwa kila mita 100 za barabara, na wewe umepunguza hadi kilomita 6 kwa saa, karibu na mwendo wa mtu anayetembea haraka. Nguvu inayotakiwa inazidi mara mbili ile ya tambarare. Mtu mzima mwenye afya anaiweza kwa dakika kadhaa. Kinachomshinda ni baiskeli aliyonayo.

Phoenix yako, tuseme ina meno 44 kwenye krenki, ile ya pedeli, na 20 kwenye frewili, ile ya gurudumu la nyuma. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja linasonga kama mita 2.2. Kila ukizungusha pedeli mzunguko mmoja, baiskeli inakwenda karibu mita 4.8. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa unakwenda mita 100 kwa dakika, maana yake unazungusha pedeli kama mara 21 tu kwa dakika. Jaribu kuhesabu 21 kwa dakika nzima uone ilivyo polepole. Kila mzunguko unakuwa ni kusimama juu ya pedeli kwa uzito wote na kuvuta usukani, na goti ndilo linalolipa. Ndiyo maana mtu wa Phoenix akifika mlimani hushuka akasukuma, na anafanya la maana.

Weka sasa baiskeli ya mtumba ya gurudumu la inchi 26 yenye gia, gia ndogo kabisa ikiwa na meno 28 mbele na 28 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli ni mita 2 na kitu. Mlima uleule, mwendo uleule, miguu inazunguka karibu mara 50 kwa dakika. Nguvu inayotakiwa haijapungua sana, ila imegawanywa vipande vidogo vingi ambavyo paja linavimudu na goti halilii. Ukipata yenye meno 34 nyuma, utapanda huku unaongea.

Kuna fundi atakayekuambia abadilishe frewili tu kwenye Phoenix, akuwekee ya meno 22. Inasaidia kidogo mno: kutoka mita 4.8 unashuka hadi 4.4. Usitoe hela yako hapo.

Na kupanda si nusu ya shida. Shida ni kushuka. Phoenix ina breki za fimbo na rimu za chuma zilizopakwa kromu. Kavu zinashika. Mvua ikinyesha, mpira wa breki unateleza juu ya ule mng'ao, na wewe uko kwenye mteremko wa Bugando na mbele yako kuna Coaster imesimama kushusha. Hilo sitaki ulijaribu. Rimu za alumini na breki za waya zinashika vizuri zaidi zikiwa zimelowa, za diski zaidi tena kama fundi anajua kuzirekebisha. Ukishuka tumia breki zote mbili, za nyuma zikitangulia, ukae nyuma kidogo kwenye siti, na usiziminye moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Minya, achia, minya. Tazama kona hasa. Miamba hii hainywi maji. Mvua ikipiga, maji yote hutelemka na kukokota mchanga wa mawe hadi kwenye lami, na kesho yake jua likiwaka ule mchanga umebaki palepale kwenye kona, mkavu, mwembamba, unateleza kama hujauona. Ukiona rangi ya lami imebadilika kuwa ya kijivu, punguza kabla ya kukata kona, usipunguze ukiwa ndani yake.

Mtoto. Miaka 6, tuseme kilo 20. Kwenye tambarare ya Ngamiani ulikuwa humsikii. Mlimani anaongeza karibu robo ya uzito wote unaoupandisha, na breki nazo zinabeba robo hiyo mkishuka. Usimpandishe Bugando, wala usimpitishe barabara kuu saa za asubuhi. Mtafutie shule mtaani kwenu, ya kufika kwa njia za ndani, umshushe halafu wewe ushike lami peke yako. Na akikaa kwenye keria, afungiwe kizuizi cha miguu. Viatu vya shule vimeingia kwenye spoku mara nyingi mno katika nchi hii, na wewe ndiye unayewafunga bandeji, unajua.

Jambo ambalo halijakupitia akilini ni jua. Mwanza iko magharibi ya Tanga kwa digrii zipatazo 6 za longitudo. Dunia huchukua dakika 4 kuzunguka digrii moja, na saa tunayotumia ni moja nchi nzima. Kwa hiyo jua la Mwanza linachomoza na kuzama kama dakika 25 baada ya lile la Tanga. Mwezi Februari na Julai huku Mwanza jua hutoka karibu kabisa na saa 1 asubuhi. Muda ambao umezoea kutoka nyumbani ukiwa unaona shimo lililoko mbele, huku utatoka bado kuna kiza chepesi, kile kibaya, ambacho wenye magari wanadhani tayari kumekucha na wamezima taa. Weka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, ya betri au ya dainamo, na uiwashe asubuhi pia. Vaa fulana ya kuakisi juu ya sare. Faida yake utaipata jioni: wakati Tanga kiza kinaingia, huku bado unaona njia hadi nyumbani.

Zamu za usiku ni hadithi nyingine. Kwenda, nenda mapema kabla ya giza. Kurudi asubuhi baada ya kukesha wodini usiondoke na baiskeli papo hapo. Mtu aliyekesha anaweza kupanda mlima vizuri tu, moyo unapiga, macho yamefunguka. Anasinzia akianza kushuka, upepo ukimpuliza. Kunywa chai, kaa, tembeza baiskeli kwa mguu hadi chini ya kilima ndipo upande. Na zamu inayoisha usiku, baiskeli ilale kazini, wewe urudi kwa bajaji na wenzako. Kabla hujasaini mkataba waulize wanaokuajiri mahali pa kufungia baiskeli, penye paa na mlinzi. Swali dogo, lakini likijibiwa kwa kicheko utakuwa umejua kitu kuhusu mahali hapo.

Barabarani, Mwanza inataka moyo kidogo kuliko Tanga. Tanga dereva amekua na baiskeli pembeni yake, anajua itafanya nini. Hapa dereva wa daladala anajua bodaboda zitafanya nini. Wewe ni mgeni kwake. Usijibane ukingoni kabisa. Ukingoni kuna mitaro ya mawe iliyo wazi, mirefu ya kumeza gurudumu, na ukijibana humo gari linakupita bila kukuachia nafasi. Kaa kushoto, lakini mita moja kutoka kwenye ukingo, uende mstari ulionyooka usioyumba. Ukiwa nyuma ya Hiace, msikilize konda. Akigonga bati kusimamisha, mlango utafunguka upande wako. Usipite kushoto ya gari linalosimama, hata kama umechelewa, hata kama nafasi inaonekana. Ukifika Kirumba karibu na soko la samaki la Mwaloni utakuta lami imelowa maji ya samaki yanayochuruzika kwenye magari. Ni utelezi wenye harufu.

Hali ya hewa itakupendeza. Joto la Mwanza halina ule unyevu wa Tanga wa Februari unaokufikisha kazini umelowa kabla ya kuanza kazi. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 12 kuliko ya kwenu, kwa hiyo wiki za mwanzo utahema kidogo zaidi milimani, baadaye husikii. Mvua ni za Oktoba hadi Desemba na Machi hadi Mei, na ziwa lina tabia ya kujenga ngurumo zake usiku hadi alfajiri, kwa hiyo mvua ya kukulowesha ukienda kazini ni ya kawaida. Sare iwe ndani ya mfuko wa plastiki, uibadilie huko. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Siku kadhaa, hasa mwezi unapoandama, utaona wingu kama moshi limesimama juu ya maji. Si moshi, ni wadudu wadogo wa ziwani, mamilioni. Likifika barabarani funga mdomo uvae miwani. Na baiskeli usiioshee ziwani kama unavyoona vijana wanafanya. Kichocho sina haja ya kumfundisha muuguzi.

Umeuliza kwa chini chini, nimeiona, kama watu watakushangaa. Tanga mwanamke kwenye baiskeli na dera lake ni jambo la kila siku. Mjini Mwanza wanawake wanaonyonga ni wachache. Vijana wa bodaboda watakuita, watakuuliza kama umeishiwa nauli. Itachukua muda mfupi, kisha utakuwa "yule nesi wa baiskeli", watakupisha, na siku cheni ikikatika watakuwa wa kwanza kusimama. Wazee kutoka vijijini ndio watakaokuelewa bila maelezo. Huku Usukumani baiskeli ilikuwa mali ya heshima nyumbani kabla pikipiki hazijaingia. Dera lenyewe libadilishe na suruali chini ya gauni. Baiskeli za mtumba zenye gia hazina boksi la kufunika cheni.

Kabla ya kujibu hao waajiri, omba siku chache za likizo uje. Usilale mjini, lala Nyegezi. Azima au kodi baiskeli kwa fundi, uchague Jumatatu, utoke saa ileile ambayo zamu yako itakutaka utoke, na ufike hadi getini Bugando. Jumapili haikuonyeshi kitu, barabara ni tupu. Ukifika chini ya kilima ushuke usukume, sawa, lakini hesabu dakika. Kusukuma si aibu na hakuvunji mpango. Muuguzi anayefika akiwa ametembea dakika chache za mwisho amefika. Kama safari nzima pamoja na kusukuma inachukua chini ya saa moja, umepata mji. Ikizidi hapo tafuta Mkuyuni au Igogo sehemu ya chini, karibu zaidi, hata kama chumba ni kidogo.

Na kuna kitu Tanga haina. Siku yako ya mapumziko, mtoto akiwa kwa jirani, unatoka Nyegezi asubuhi, unapita Buhongwa hadi Usagara, unakata kulia kwenda Kigongo. Zamani hapo ulisubiri kivuko. Tangu Juni 2025 kuna daraja la Kigongo na Busisi, linalobeba jina la Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, na upande wa pili ni Sengerema. Au unashuka mjini unapanda kivuko cha Kamanga na baiskeli yako, unavuka ghuba, unanyonga barabara za vijijini kule ng'ambo, unarudi jioni. Mtu anayeishi kwa baiskeli anahitaji pia siku ambazo hanyongi kwenda kokote kwa lazima.

Mwisho, Phoenix. Iuze Tanga, hapo ina wanunuzi na utapata bei. Gharama ya kuipakia kwenye buti la basi hadi stendi ya Nyegezi weka kwenye baiskeli ya mtumba utakayoinunua huku. Tafuta isiyo na shokapu mbele. Zile za bei ndogo ni nzito na kila ukinyonga mlimani zinabonyea na kula nguvu yako. Fremu iwe ya kukuwezesha kusimama kwa miguu yote miwili ukiwa umeshuka kwenye siti. Inua gurudumu la nyuma, zungusha, uingize gia moja baada ya nyingine hadi ile kubwa kabisa ya nyuma, maana hiyo ndiyo utakayoishi nayo Bugando, na mara nyingi ndiyo isiyoingia. Vuta cheni kwa vidole pale mbele ya krenki: ikinyanyuka ukaona mwanga kati yake na meno, imekwisha, na huenda imemaliza na meno yenyewe. Chungulia chini ya fremu, pale bomba mbili zinapokutana nyuma ya usukani, kama rangi imepasuka kwa mstari mwembamba usiinunue hata kwa bure. Kisha shika krenki zote mbili uzisukume kushoto na kulia. Zikicheza, ni gololi. Mwambie apunguze bei ya gololi mpya na kazi ya fundi, na kama hapunguzi nenda kwa anayefuata.